Magoti ya Shangazi

Mwalimu Mwakipesile hataki kusikia "nimebuni".
Anauliza, chaki imelala juu ya sikio lake:
"Umembunia nani? Mtaje jina.
Ana magoti ya namna gani?"
Karakana ikanyamaza. Baridi ya Juni ilikuwa imeteremka Loleza
ikakaa juu ya jiliwa zetu, kila chuma kinang'ata.

Nikaandika: Subilaga, shangazi, Isyonje.
Anachambua viazi.
Magoti sijui.

Jumamosi nikaenda kuyajua.
Ukungu wa kukatwa kwa msumeno.
Ameinama tangu alfajiri juu ya rundo la kagiri,
vikubwa kushoto, vya Dar es Salaam,
vya kati kulia,
vidogo nyuma yake, vya mbegu na vya chungu cha nyumbani.
Anavijua kwa kiganja, haangalii,
huku dalali anashindilia lumbesa,
anaivika gunia kilemba kana kwamba kipimo ni tusi.

Nikatoa kalipa ya shule.
Nikapima viazi mia moja, kimoja kimoja, milimita na sehemu zake.
Wapakiaji walicheka hadi wakatua mizigo:
"Mtoto wa Mwaisumo anavishonea viazi suruali!"
Shangazi hakucheka. Alinipa kingine: "Na hiki?"
Kabla kalipa haijafunga mdomo
kiganja chake kilikuwa kimeshajibu.

Chekeche ya kwanza niliiunda kwa boksi la sabuni na mianzi.
Ikafa kwa kiazi cha tatu.
Ya pili, mabanzi ya paini, mteremko nyuzi ishirini na tano.
Viazi vikashuka kwa fujo
kama bweni zima limesikia kengele ya ugali,
vikafika chini vimechubuka.
Mwalimu akaokota kimoja, akakikwaruza kwa ukucha.
"Hiki kitaoza kabla ya Makambako."
Akaenda zake.

Ni Ambilikile, anayeziba pancha nje ya geti,
aliyenipa tyubu kuukuu za baiskeli, hata hakuuliza za nini.
Nikauvisha kila ubao mpira,
nikalaza mteremko hadi nyuzi kumi na sita.
Viazi sasa vikawa vinashuka huku vikifikiri.

Nilisahau miguu.
Yaani sikusahau. Nilikuwa nimempima shangazi Jumapili
anatoka kanisani, amesimama wima
juu ya viatu vyake vya kisigino,
kwa sababu hivyo ndivyo nilivyotaka awe.
Mchoro ulikuwa safi: sura ya mbele, ya juu, ya upande,
herufi zimesimama kama askari wa gwaride.

Isyonje, kwenye viazi, hakuna anayesimama.
Aliketi juu ya gunia lake,
akaitazama chekeche iliyomfika kidevuni,
akanishukuru kwanza, vizuri, kwa Kinyakyusa,
kisha akachukua panga
akaikata miguu yote minne
pa, pa, pa, pa,
bila rula.

Haikuyumba.

Nilipata sitini na mbili.
Kwenye ripoti, pale palipoandikwa Tathmini,
nilitaka kusema mtumiaji ameharibu kifaa.
Nikafuta hadi karatasi ikatoboka.
Nikaandika pembeni ya tundu:
mtumiaji amekipunguza sentimita thelathini na nane,
na kwa sasa sina sababu ya kumpinga.

Nimechora upya. Pale panga lilipopita
nimeweka mstari wa vipandevipande,
ule tuliofundishwa kidato cha kwanza:
ukingo upo,
ila kutoka hapo uliposimama huuoni.

Nyuma ya chekeche nikamchora mtu ameketi.
Mtihani haudai mtu. Sikujua hata nitumie penseli ipi.
Jina: Subilaga.
Magoti: la kulia zima,
la kushoto limevimba kwa chini,
huanza kuuma siku mbili kabla ya mvua.